Kipupwe Tabora: mafuta yameganda, hamira imegoma, Mkinga ananicheka

Watu wa mikoa mingine ukiwaambia Tabora kuna baridi wanacheka. Tabora? Si ndo kule kwenye miembe na jua kali? Eeh, hukohuko. Njoo mwezi wa sita mwishoni au wa saba, uamke saa kumi na moja alfajiri, ufungue bomba la uani unawe uso, afu ndo tuongee vizuri.

Sikatai, baridi yetu sio ya kutisha. Asubuhi simu inasoma 15, siku ikiamua kutukomesha inasoma 13, na ikifika saa nane mchana hiyohiyo simu inasoma 28 na umeshavua kila kitu umebaki na kitenge. Theluji hakuna, barafu hakuna, hakuna mtu Isevya wala Kiloleni aliyewahi kushindwa kwenda kazini kisa baridi. Na hapo ndo penye kero yenyewe. Ni baridi ambayo haitoshi mtu kuijengea nyumba ila inatosha kabisa kukuharibia asubuhi, na kwa kuwa inakaa miezi miwili tu na kidogo, ikifika Nanenane inaanza kulegea, basi kila mwaka tunajisemea itapita, hatununui kitu, haturekebishi kitu, na kila mwaka inatukuta vilevile kama wageni.

Sasa mimi kwa bahati niliyonayo nimeolewa na Mkinga wa Makete. Wasiopajua, Makete iko Njombe huko juu kabisa, kule Kitulo mwezi kama huu asubuhi majani yanaamka meupe kwa umande ulioganda. Huyu mtu amekulia huko. Ye Tabora mwezi wa saba anatoka nje na singilendi, anajinyoosha, anasema “leo kumetulia”. Mi niko mlangoni nimevaa sweta mbili na soksi za mpira za mtoto wa kiume, meno yanagongana, na yeye ananiangalia ananicheka kabisa bila aibu. Kila nikilalamika jibu lake ni moja, “ungeolewa kwetu je?” Kwa hiyo kwenye nyumba yangu mwenyewe, kwenye mji niliozaliwa, sina ruhusa ya kusikia baridi.

Ila mi nina hoja yangu na nimemwambia mara nyingi. Kwao nyumba zimezoea. Dirisha dogo, moto wa kuni unawaka jikoni toka asubuhi mpaka usiku, watu wanakaa kuuzunguka, kila mtu ana koti lake, blanketi zito zito. Huku kwetu nyumba imejengwa kwa ajili ya mwezi wa kumi. Yani fundi akikujengea Tabora anawaza joto tu, anakuwekea madirisha mapana ya wavu, juu ya kila dirisha anakupigia matofali yenye matundu hewa ipite, bati juu, na siku hizi sote tumepagawa na tailizi sakafuni kisa zinang'aa. Mwezi wa kumi unashukuru. Mwezi wa saba hewa inapita vilevile, matundu hayana ratiba. Na usiku wa kipupwe mbingu iko wazi, wingu hata la dawa hakuna, joto lote la mchana linapanda zake juu linapotea, ikifika saa tisa usiku nyumba imepoa mpaka kuta. Ukishuka kitandani mguu ukigusa tailizi unakumbuka sakafu ya simenti ya bibi ambayo tuliiona ya kishamba.

Halafu giza. Hili watu wa Dar hawalijui kabisa. Nchi nzima tunatumia saa zilezile ila jua linatoka mashariki, kwa hiyo Dar wanaliona karibu nusu saa kabla yetu, na ndugu zetu wa Kigoma ndo wanalisubiri hata kutuzidi sisi. Mwezi huu hapa Tabora jua linachomoza saa moja kasoro dakika chache tu. Sasa mtoto anatakiwa awe shuleni mapema, maana yake unamwamsha gizani, unamwogesha gizani, unamvalisha gizani, na kale kajua ambako kangewapasha joto kanatokea wakati mtoto ameshaingia darasani. Likizo ya mwezi wa sita ikiisha mi ndo naumwa kuliko wao.

Tuje kwenye kuoga sasa maana hapa ndo ugomvi wa nyumba ulipo.

Maji ya tenki usiku kucha yamekaa juu ya mnara yanapigwa upepo. Asubuhi ukijimwagia kopo la kwanza unavuta pumzi mpaka unasahau kuitoa. Kwa hiyo kila mtu anataka maji ya moto, na jiko ni moja, na kwenye hilo jiko kuna chai, kuna uji wa mtoto, na kuna sufuria la maji ya kuoga la mtu ambaye hajaamka bado ila ameagiza toka jana usiku asiguse mtu maji yake. Tukaamua kununua hita ile ya kuchovya kwenye ndoo. Ikawa kesi nyingine. Ndoo ya lita 20 kuitoa kwenye ubaridi mpaka joto la kuoga inakula kama nusu uniti, sio nyingi ukiitazama peke yake, ila zidisha kwa watu wa nyumba nzima, zidisha kwa kila siku, afu kumbuka na wale wanaoisahau mpaka maji yanachemka kabisa kisha wanayapoza kwa kuongeza ya bomba. Sisi tuko kwenye ule umeme wa bei nafuu wa wanaotumia uniti 75 kwa mwezi, ukivuka hapo unaagana nao, kwa hiyo baba watoto kila akipita anaangalia mita anasonya. Yeye mwenyewe anaoga ya baridi, ndo maana ana muda wa kusonya. (Na kwa wenye hita kama hizi, jamani, chomoa kwenye umeme kabla hujaingiza mkono kupima joto la maji. Sio utani hapo.)

Mdogo wangu tunaeishi nae yeye ana mbinu yake, anaenda bafuni, tunasikia maji yanamwagika sakafuni vizuri sana, anatoka amenawa uso na miguu. Kipupwe chote. Tunajua. Na yeye anajua tunajua.

Ukitoka kuoga unakutana na mafuta ya nazi. Haya yanaganda yakipoa chini ya kama nyuzi 24, yani kwa Tabora kuanzia jioni mpaka saa tatu asubuhi ni jiwe jeupe ndani ya chupa. Na nani alibuni ile chupa yenye mdomo mwembamba sijui, maana kidole hakiingii, kijiko hakiingii, unabaki na kijiti cha mshikaki unachokonoa unapata vipande vidogo vidogo unavipaka mkononi vinakwaruza kwanza kabla havijayeyuka. Na ngozi hapo imekauka inadai mafuta haraka, hewa ya huku kipindi hiki ni kavu, midomo inapasuka, miguuni magaga yananasa kwenye nyuzi za chandarua usiku ukigeuka unasikia krrr. Ikifika saa saba mchana hayo mafuta yameyeyuka yenyewe, safi, maji kabisa, na wewe uko kazini umepauka. Jioni unarudi yanaganda tena. Mi nimehamia kwenye mafuta ya mgando ya kopo, angalau yale hayajifanyi.

Mawese nayo vilevile. Tunaletewa kutoka Kigoma, dumu zuri jekundu, mwezi wa pili unamimina vizuri tu. Sasa hivi limejigawa, juu kidogo kuna kimiminika, chini kuna uji mzito wa njano umekaa kitako haushuki hata ulipindue. Ukiwa na haraka unapika na yale ya juu tu, unayamaliza, mwisho wa mwezi umebakiwa na dumu la uji mtupu. Dawa yake ni kulianika juani uani kabla ya kupika, na kumkanya mtoto asilisogelee na mpira.

Na asali! Yani hili ni jambo linaloniuma kama mtu wa Tabora. Tunajulikana nchi nzima kwa asali ya miombo, kila ndugu akisafiri tunamfungashia chupa. Ikifika kipupwe asali inaanza kufanya chenga chenga, inaganda, na inaganda haraka zaidi joto likiwa hapo hapo kwenye 14 hivi, yani joto letu kabisa la alfajiri. Ni sukari yake ya asili inajikusanya, glukosi, asali halisi ndo inavofanya, nyingine mapema nyingine inachelewa kutegemea nyuki walikula maua gani. Sasa nilimtumia shangazi yangu aliyeko Makambako chupa mbili, huko nako baridi, ikaganda yote. Akapiga simu, hakusema imeganda, alisema “mwanangu hii asali yenu siku hizi mnaweka sukari?” Nikamweleza aweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu, asiichemshe, itarudi taratibu. Akasema sawa. Baadae nasikia kwa watu kwamba mtoto wa kaka anauza asali feki.

Jikoni mambo ya hamira ndo yananimaliza kabisa. Mi nakaanga maandazi ya chai ya asubuhi kila Jumamosi, miezi mingine nakanda usiku sana au alfajiri, nikioga na kurudi unga umeumuka mpaka unasukuma mfuniko. Kipupwe unakanda, unafunika, unarudi, umekaa vilevile ulivouacha, unakuangalia. Hamira inataka joto, haina shida nyingine. Kwa hiyo besheni la unga kwenye nyumba hii ndo lina maisha mazuri kuliko wote, linafunikwa na kitambaa, juu ya kitambaa blanketi, limewekwa pembeni ya jiko, na hakuna mtu anaruhusiwa kuligusa. Mwanangu wa mwisho aliuliza kwanini unga una blanketi mbili na yeye moja. Sikuwa na jibu zuri. Kuna siku blanketi zote zilikuwa vitandani nikachukua tu nguo yoyote ya sufu iliyokuwa karibu nikafunika, na unga uliumuka vizuri sana siku hiyo, kumbukeni hilo.

Maziwa ya mgando hata sigusi, yale ambayo mwezi wa kumi yanaganda kwa usiku mmoja sasa hivi unasubiri na kesho yake na bado ni maziwa.

Blanketi zenyewe sasa, hizi za manyoya za kisasa za nailoni. Nzuri, laini, ila hewa ikiwa kavu hivi ukilivuta gizani linatoa cheche na mlio wa tatata. Usiku wa kwanza watoto walipiga kelele wakasema blanketi linaungua. Siku hizi wamegeuza mchezo, taa ikizimwa wanajifunika wanasuguasugua kuona cheche, afu wanashikana masikio wapigane shoti. Nimewaambia walale. Wananiambia mama huu umeme hauli Luku.

Na bati. Hii iliwahi kumfanya mdada wa kazi aage kabisa arudi kwao Sikonge. Jioni jua likizama na baridi ikianza kushuka, bati linasinyaa, linapiga ta! kimya, ta! ta! upande wa pili, mtu akiwa chumbani peke yake anaapa kuna kiumbe kinatembea juu. Asubuhi jua likilipiga linaanza tena likitanuka. Nimemweleza sana mdada kwamba ni chuma kikipoa kinajikunja, akanisikiliza kwa heshima zote, akaniuliza “sasa dada, kwanini linaanza upande wa chumba changu?” Ikabidi nimhamishie chumba cha mbele. Kule bati linapiga zaidi ila kuna dirisha la barabarani, anasema angalau huko akipiga kelele atasikika.

Mlango wa mbele una stori yake. Masika ulikuwa umevimba, kuufungua mpaka upige bega. Sasa hivi umekauka umesinyaa, chini kuna nafasi mjusi anapita amesimama, pembeni upepo unapiga mluzi, na komeo halifiki kwenye tundu lake mpaka mmoja avute mlango mwingine asukume komeo. Fundi aliyetuuzia aliapa ni mninga. Sasa mimi ni mtu wa Tabora, mninga naujua, mninga ukishakaushwa vizuri hautikisiki, masika na kiangazi uko palepale, ndo maana watu wanaulilia. Mlango unaovimba na kusinyaa kila msimu utakuwa mti wowote ila sio huo. Fundi simu yake haipatikani toka mwaka juzi. Kwa sasa chini ya mlango tumeviringisha gunia, na kila anayeingia analisukuma kwa mguu halirudishi.

Vumbi silizungumzii, nikianza nitalia. Niseme tu kwamba ukifua nguo zinakauka fasta, jua lipo, upepo upo, raha, ila majirani wakianza kuchoma mashamba na huko porini moto ukiwaka, yale majivu meusi mepesi yanakuja taratibu na upepo yanatua kwenye shati jeupe la shule. Ukiyafuta kwa mkono ndo umeharibu kabisa, yanapakaa mstari. Unayapuliza. Mama mzima umesimama uani unapuliza mashati.

Kitu kimoja kizuri, mbu wamepungua. Nawapa hiyo.

Mavazi ndo burudani ya mji. Ikifika Juni wauza mitumba wanashusha makoti ambayo mengine yalishonwa kwa ajili ya watu wa milima ya Ulaya, manene, yana manyoya kwenye kofia, na unamwona mtu saa kumi na mbili asubuhi anaelekea sokoni kama anaenda kuvuka Siberia. Bodaboda wanavaa koti kinyumenyume, zipu mgongoni, kifua kikingwe upepo, ukimwona kwa mbali hujui anakuja au anaondoka. Mlinzi wa jirani anavaa boshori ya kininja imebakiza macho tu, na kwa kuwa saa hizo ni giza, kila asubuhi nikitoka ananisalimia “mwangaluka mama” na kila asubuhi naruka. Afu sasa ikifika saa sita jua linawaka, na hao wote waliovaa makoti wanahangaika nayo, wameyafunga kiunoni, wameyabeba mabegani, daladala imejaa makoti kuliko watu. Watoto wanaenda shule na sweta wanarudi bila sweta. Kwenye hili sihesabu tena, kuna mahali fulani pale shuleni pana mlima wa sweta zangu.

Na kabla sijasahau, kuna watu wanachukua jiko la mkaa linawaka wanaliingiza chumbani wafunge mlango walale na joto. Msifanye hivo jamani. Ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua watu waliolala. Vaa hata suruali mbili, lala na watoto wote kitanda kimoja, chochote, ila jiko libaki nje.

Sasa basi. Mwezi huu amekuja mama mkwe kutoka Makete. Safari ndefu, alichoka, tukampokea, tukampikia, akapewa chumba kizuri chenye dirisha kubwa na tailizi. Baba watoto ananiambia pembeni, “sasa mbele ya mama usije ukaanza mambo yako ya baridi, utaniaibisha.” Nikanyamaza. Nikavaa sweta moja tu kwa heshima.

Asubuhi mama mkwe ametoka chumbani amejifunika blanketi la kitandani mpaka kichwani, amevaa na koti lake la safari. Nikampigia magoti, “shikamoo mama, umeamkaje?” Akaniambia marahaba mwanangu, afu akamgeukia mwanae aliyekuwa kasimama uani na singilendi yake, akamwambia, “hii nyumba ni ya baridi kuliko kwangu. Nyie mnaishije humu? Upepo unaingia kila mahali, sakafu barafu, moto hakuna, mnalala na wajukuu wangu kwenye wavu?” Mi nimeinamisha kichwa, nakoroga uji, nasikia raha mpaka miguuni.

Baba watoto akajaribu, akasema mama huku ni nyuzi 15 tu, nyumbani sasa hivi inafika karibu sifuri. Mama mkwe akasema nyuzi sio neno lake yeye, yeye neno lake ni hayo matundu. Kabla ya chai ameshaagiza ngazi, ameshaagiza magunia na vitambaa vya zamani, na mwanae yuko juu anaziba matundu ya hewa moja moja huku mama yake amesimama chini na blanketi lake anamwelekeza, lile pale, hapana la kushoto, sukuma mpaka ndani. Nikawaomba la jikoni waliache moshi utoke. Upepo wa asubuhi huko juu ya ngazi ulikuwa unampiga vizuri, na singilendi ile haina mikono. Aliposhuka kanisogelea jikoni, kasema kwa sauti ya chini ili mama asisikie, lile sweta langu la kijani liko wapi.

Nikamwambia asubiri kidogo, liko juu ya besheni, unga bado haujaumuka.